Dola Isiyo na Karatasi: Kutoka Kariakoo Hadi Kampala

Kariakoo neno "bitcoin" lina wenyewe, nao ni vijana wa vyuo na wale wanaoshinda wakifuatilia bei kwenye simu. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo Guangzhou halitaji. Yeye anataka dola ambayo kesho asubuhi itakuwa dola ileile, nayo ni USDT, sarafu ya kampuni ya Tether ambayo thamani yake imefungwa kwenye dola moja ya Marekani. Inakaa kwenye simu, inasafiri usiku, Jumapili na sikukuu, na ikishatumwa kwa mtu hakuna karani wa benki anayeweza kuirudisha.

Sarafu hiyo ni moja Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Programu za simu ni zilezile, na mtandao unaoibeba, mara nyingi ule wa Tron kwa sababu ada yake kwa muda mrefu ilikuwa nafuu kuliko ya Ethereum, ni uleule. Hata hivyo ukikaa na wanaoibadilisha utadhani wanazungumzia vitu vitatu tofauti. Katikati ya mwaka 2025 nilipanda basi kutoka Dar kwenda Arusha, nikavuka Namanga hadi Nairobi, kisha Busia hadi Kampala. Nilitaka kuona kwa macho yangu jinsi watu wa kawaida wanavyoingia na kutoka kwenye fedha hiyo: wanampa nani shilingi zao, wanangoja nini kabla ya kuamini, na wakidhulumiwa wanamlilia nani. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa nyumbani.

Mwenyeji wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja anayeuza vifaa vya simu kwa jumla, ghorofani, karibu na Mtaa wa Aggrey. Vioo, chaja, betri na makava vilikuwa vimepangwa kwenye maboksi hadi darini, pakabaki njia ya mtu mmoja kupita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, sogeza hilo boksi ukae."

Siku hiyo alikuwa anamalizia malipo ya mzigo. Sehemu ya kwanza alikwishailipa kwa benki. Iliyobaki, muuzaji wa China mwenyewe ndiye aliyeomba alipwe kwa USDT, akatuma anwani yake kwa WeChat. Mama akampigia simu dalali. Akaja kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limechomekwa, mkononi simu mbili na hana kingine. Zamani alikuwa karani wa duka la kubadilishia fedha, na mama anamfahamu tangu siku hizo. Anamjua mkewe, anajua nyumba yao ilipo Mbagala.

Bei walikubaliana kwa maneno. Noti zikapitishwa kwenye mashine ya kuhesabia, zikarudiwa, zikafungwa kwa raba, zikawekwa mezani katikati yao bila mtu kuzigusa. Kisha wakahamia kwenye anwani. Ni msururu wa herufi na tarakimu 34 unaoanza na T, na ukikosea moja fedha haifiki inakokwenda. Mama akavaa miwani. Wakasoma kwa sauti tarakimu za mwanzo na za mwisho, yeye kwenye simu yake na kijana kwenye yake, kama wanafunzi wa chuoni wanaosahihishana sura. Kijana akatuma dola kumi kwanza. Chai ikaletwa. Baada ya muda si mrefu ujumbe ukaingia kutoka China kwamba zimefika, ndipo zikatumwa zilizobaki, na ndipo kijana alipozivuta zile noti za mezani.

Nilimuuliza mama kwa nini hatumii soko la mtandaoni la mtu kwa mtu, lile wanaloliita P2P, ambako programu yenyewe huzishikilia sarafu za muuzaji mpaka malipo yathibitike. Hakusita kunijibu. "Huko nikiibiwa nimshike nani? Huyu namjua. Na jina langu sitaki lizagae kwa watu nisiowajua."

Jibu hilo limepikwa miaka mingi. Novemba 2018 maduka ya kubadilishia fedha ya Arusha yalifanyiwa ukaguzi wa ghafla huku askari wa jeshi wakiwa wamesimama nje. Februari 2019 ikawa zamu ya Dar es Salaam. Benki Kuu ilisema inapambana na utakatishaji wa fedha. Maduka mengi yalifungwa, na kwa muda mrefu mtu aliyetaka dola alielekezwa benki. Makarani wa maduka yale hawakupotea. Walibaki mitaani wakiwa na ujuzi wao, vitabu vya majina ya wateja wao na imani ya wateja hao. Novemba mwaka huohuo wa 2019 Benki Kuu ikatoa tangazo kwamba sarafu za mtandaoni si fedha halali nchini, na kwamba kuzitangaza na kuzifanyia biashara ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Kwa hiyo biashara hii Tanzania ilizaliwa ikiwa tayari imefundishwa kunong'ona, na waliokuwa na sauti ya kuaminika ni walewale waliokuwa nyuma ya vioo vya maduka yaliyofungwa.

Mengine yaliyofuata yalivuta huku na huku. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa sarafu hizo. Mwaka 2023 na 2024 dola zikaadimika, wafanyabiashara wakasubiri benki kwa wiki, na wengi wa Kariakoo waliniambia hapo ndipo walipoijua USDT kwa mara ya kwanza. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Sasa nakaa na mama huyu na najiuliza kwa uchungu: mtu anayefanya jambo ambalo tangazo la 2019 linasema ni kinyume cha kanuni, atajitokezaje kulilipia kodi? Sikukutana na yeyote, Kariakoo wala Arusha, aliyeniambia kwamba tangazo lile limefutwa. Serikali inayotaka kodi ya kazi ya mtu inapaswa kwanza kumwambia waziwazi kwamba kazi hiyo ni yake kuifanya.

Arusha nilikutana na kijana wa Sakina anayehariri video za wateja wa ng'ambo. Hajawahi kuwaona wateja wake, wapo Ulaya na Marekani, wanamlipa kwa USDT kwa sababu njia nyingine zinachelewa au zinamkata ada kubwa. Yeye shida yake ni kinyume cha ile ya Kariakoo. Sarafu anayo, anatafuta shilingi. Nilitarajia kijana kama huyo atumie soko la wazi. Naye ana kikundi chake cha WhatsApp, na kuingia humo lazima uwe na mtu wa ndani anayekudhamini. Ukimleta mtu akamdhulumu mwenzake, wewe uliyemleta unalipa au unatolewa.

Nilimtazama akiuza. Aliandika kiasi alichonacho, watu wakajibu na bei, akamchagua mmoja. Shilingi ziliingia kwanza, kutoka Airtel Money, ingawa laini yake ni ya Vodacom. Hilo ni jambo tulilolizoea mno hata hatulioni tena: tangu 2014 kampuni za simu za Tanzania zilianza kukubaliana wateja watumiane fedha kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Kwa wauza sarafu limekuwa baraka, maana hakuna anayemwuliza mwenzake yuko mtandao gani. Akaangalia salio, akalitaja jina la mtumaji kwa sauti, kisha akatuma sarafu.

Alinisimulia habari ya rafiki yake aliyetoa milioni mbili kwa mtu wa nje ya kikundi, mtu huyo akazima simu. Rafiki hakwenda polisi. Alihofia swali la kwanza atakaloulizwa kaunta: ulikuwa unanunua nini? Milioni mbili kwa kijana anayeanza maisha Arusha ni kodi ya nyumba ya mwaka na mtaji juu yake. Aliyemdhulumu alijua fika kwamba hatashtakiwa. Kunong'ona kunamlinda mwizi vilevile, na hili ndilo nililotaka wakubwa wa Dodoma walisikie.

Toka Arusha hadi Namanga ni kama kilometa 110, Mlima Longido ukikutazama njiani. Mpakani, wabadilishaji wa fedha wenye vibunda vya shilingi za pande zote mbili walitufuata hadi kwenye ngazi za basi. Nilimwuliza mzee mmoja wao kama anabadilisha USDT. Alinionyesha dole gumba lake lililolainishwa na noti. "Mimi nahesabu kwa hiki, mdogo wangu. Hiyo yako haihesabiki." Ana sababu za kutosha. Fedha ndogondogo za mpakani hazina haja na sarafu ya mtandaoni. Toka 2015 mtu wa M-Pesa ya Kenya anaweza kumtumia mwenye M-Pesa ya Tanzania moja kwa moja, na mfugaji anayeuza mbuzi Namanga anataka noti mkononi. Waandishi wengi wa habari hizi husema sarafu hizi zimekuja kuvunja mipaka. Mpaka wa Namanga ulikuwa umeshavunjwa na biashara ya mbuzi, mahindi na simu kabla yazo, na mtu wa pale haoni pengo la kuzibwa.

Nairobi ni dunia nyingine, na nasema hivyo bila kuipendelea. Binti aliyenipokea anaishi Roysambu kwenye chumba kimoja, na kuuza na kununua USDT kwenye soko la P2P ndiyo kazi yake ya kila siku. Meza moja, simu tatu zilizochomekwa umeme, daftari. Alinipa stuli, akaendelea kutazama kioo.

"Bosi, wateja wangu sijawahi kuwaona," alisema. "Na sina haja. Bora jina ya M-Pesa ifanane na jina ya akaunti."

Nikamwona akifanya kazi. Mtu aliyejiandikisha kwa jina la kiume alitaka USDT ya shilingi 50,000 za Kenya. Alipobonyeza, sarafu za binti zikafungwa na programu, saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma kutoka dakika 15. Muda mfupi baadaye mteja akatuma picha ya ujumbe wa M-Pesa kuthibitisha kwamba amelipa. Binti hakuitazama. "Picha mtoto wa shule anaweza kutengeneza." Hakuuamini hata ujumbe mfupi ulioingia kwenye simu yake, kwa kuwa nao hughushiwa. Alifungua programu ya M-Pesa yenyewe, akatazama salio na orodha ya miamala. Fedha zilikuwamo kweli. Lakini jina la mtumaji lilikuwa la mwanamke.

Akamwandikia mteja: hii si laini yako. Mteja akajibu ni ya mke wangu, nipe sarafu zangu, muda unaisha. Binti akarudisha zile 50,000 kwenye namba zilikotoka, akasubiri mteja afute muamala, akaandika kwenye daftari jina na saa. Nilimwuliza kwa nini aache biashara iliyokwisha kulipwa. Akanieleza mtego ambao umewameza wengi. Tapeli anatangaza kitu mtandaoni, tuseme friji. Mnunuzi wa friji anaambiwa atume fedha kwenye namba fulani, na namba hiyo ni ya muuza sarafu asiyejua lolote. Muuza sarafu anaona fedha, anaachia USDT, tapeli anatoweka nazo. Mnunuzi wa friji anakwenda polisi na namba aliyonayo mkononi, na anayeitwa kujieleza, laini yake ikiwa imefungwa, ni binti wa Roysambu. Hofu yake nyingine ni kurudishwa kwa muamala: Safaricom imeweka namba 456 ya kuombea fedha iliyotumwa kimakosa irudishwe, huduma nzuri kwa mtu aliyekosea tarakimu, na silaha kwa mlaghai.

Basi ndivyo imani ilivyojengwa pale: haipo kwa mtu, ipo kwenye utaratibu. Jina lifanane, salio lionekane, saa isipite. M-Pesa iliyoanza Machi 2007 imewafundisha Wakenya kumtumia fedha mtu wasiyemjua kwa kutazama jina moja kwenye kioo, na soko la P2P limekalia mgongo huohuo. Hata ukubwa wa biashara unapimwa kwa kipimo cha M-Pesa. Muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000 na kwa siku hauzidi 500,000, na kwa hiyo binti hupanga siku yake kwa kujua laini ipi imebakiza nafasi kiasi gani. Faida yake kwa kila dola ni senti kadhaa za Kenya, kwa siku njema shilingi moja. Riziki yake ni mzunguko.

Serikali ya Kenya haikuipokea biashara hii kwa mikono miwili. Mwaka 2013 Nairobi ilikuwa nyumbani kwa BitPesa, kampuni ya awali kabisa ya kuunganisha bitcoin na fedha za simu barani Afrika. Mwaka 2015 Safaricom ilimkatia huduma mshirika wa BitPesa aliyeipitishia malipo, kesi ikafika Mahakama Kuu, na Desemba mwaka huo mahakama ikakataa kuamuru huduma irudishwe. Mwezi huohuo Benki Kuu ya Kenya ikaonya umma dhidi ya bitcoin. Ila malipo ya mtu kwa mtu yanafanana na malipo mengine yoyote ya simu, na onyo lile halikuyafikia. Agosti 2023 maelfu walipanga foleni kwenye jumba la KICC kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin kwa sarafu zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000, mpaka serikali ikasimamisha zoezi. Binti alikuwepo, kazini. Alizinunua sarafu za waliotoka kwenye foleni wakitaka M-Pesa saa ileile, na aliniambia wengi walikuwa wanakwenda kununua chakula. Mimi sijafurahia tukio lile hata leo. Sina ugomvi na walionunua. Ninachokiona kibaya ni watu wenye njaa kudaiwa alama za miili yao.

Kodi nayo imeacha alama. Septemba 2023 Kenya ilianza kutoza asilimia 3 ya thamani yote ya uhamisho wa mali za kidijitali, bila kujali faida. Kwa mtu anayepata chini ya shilingi moja kwenye dola ya shilingi 129, asilimia 3 ni karibu shilingi nne. Angelipa karibu mara nne ya alichopata, au zaidi. Kuanzia Julai 2025 kodi hiyo iliondolewa, ukawekwa ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma. Nilipokuwa Roysambu mswada wa watoa huduma za mali za kidijitali ulikuwa unajadiliwa, na binti alikuwa ameusoma, kurasa kadhaa amezipigia mistari. Oktoba 2025 Rais William Ruto aliutia saini ukawa sheria, Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zikipewa usimamizi. Alichokitaka binti kwenye sheria ni kitu kimoja: siku laini yake itakapofungwa kwa kosa la mwingine, awe na mlango wa kugonga.

Kabla ya kuondoka nilimwuliza anaweka akiba kwa sarafu gani. Kwa shilingi, alisema. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, watu wakakimbilia USDT. Ndani ya mwaka huohuo ikarudi karibu 129, na aliyeshika dola alipoteza kama moja ya tano ya nguvu yake ya kununua. Baba yake alikuwa miongoni mwao.

Basi la Kampala liliondoka jioni. Nakuru usiku, Kisumu usingizini, Busia alfajiri. Forodha ya pamoja ikatuchukua muda mfupi, na kulipokucha vizuri tulikuwa tumeshavuka daraja la Nile pale Jinja. Namawojjolo wachuuzi walisukuma mishikaki ya kuku na gonja madirishani, na nilikula kwa furaha ya mtu aliyeketi usiku kucha.

Nilitarajia Kampala iwe Nairobi ya pili. Vijana wake ni wengi, simu za MTN na Airtel zinalipa kila kitu, na mwaka 2018 Binance ilichagua Uganda kufungulia soko lake la kwanza la kubadilisha fedha za kawaida, soko lililofungwa 2020. Lakini Kampala ni mji wa noti. Tangu 1997 Uganda iliachia mtaji uingie na kutoka bila kizuizi, maduka ya kubadilishia fedha yamejaa katikati ya jiji, na anayetaka dola anaingia, anatoa shilingi, anatoka na dola. Njaa ile ya dola iliyowasukuma wa Kariakoo kwenye USDT hapa haikuwapo. Kutoa fedha kwenye simu kunakatwa kodi ya asilimia 0.5, kwa hiyo mwenye kiasi kikubwa hapendi kuipitisha huko. Juu ya hayo, Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliwaandikia watoa huduma za malipo wenye leseni wasiwezeshe ubadilishaji wa sarafu hizi kwenda fedha za simu. Mlalamikaji mmoja aliupinga waraka huo mahakamani, na 2023 Mahakama Kuu ikaitupa kesi yake. Na yapo majeraha. Mwishoni mwa 2019 kampuni iliyojiita Dunamiscoins ilifunga ofisi zake na kuondoka na akiba za maelfu ya watu, wengi wao wa kipato kidogo. Kuanzia hapo ukimtajia mtu wa kawaida sarafu za mtandaoni, anakutazama kama mtu anayetaka kumwibia.

Mbadilishaji niliyeelekezwa kwake ana chumba kidogo ndani ya akedi, yaani jengo la maduka, si mbali na mtaa wa biashara wa Kikuubo. Aliwahi kufanya kazi Nairobi, Kiswahili chake ni kizuri. Kwake unaleta USDT, anakupa dola za karatasi, hapohapo. Hana haja na jina lako wala na mdhamini wako; anasubiri sarafu ithibitike kwenye mtandao, basi. Wateja wake wengi si Waganda. Ni wafanyabiashara wa Juba na wa Kongo, wanaokuja Kampala kununua bidhaa.

Mmoja aliingia nikiwa pale, mtu wa makamo kutoka Goma, muuza viatu na vitenge. Mji wake ulipotwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. "Ndugu yangu iko Kinshasa, ananitumiaka hii," alisema, akionyesha simu. "Kule kwetu banki ilifungwa. Nitafanya aje?" Alituma, tukangoja, sarafu zikathibitika, na noti za mia mia zikahesabiwa mbele yake. Kisha akaanza kazi yake. Aliinua kila noti kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwenye kingo zake zote nne. Mbili akazirudisha. Moja ilikuwa na mpasuko mdogo kuliko ukucha wa mtoto, nyingine ilikuwa ya toleo la zamani, lenye picha ndogo ya kichwa. Kongo noti yenye mpasuko haipokelewi na mtu, hata muuza ndizi. Mbadilishaji akampa nyingine bila neno. Anawajua wateja wake.

Mtu wa Goma aliposikia nimetoka Dar, aliuliza kama wa Kariakoo wangemkubalia, maana anasikia viatu kule ni vya bei nafuu. Nilimweleza ilivyo: watakukubalia, lakini lazima uje na mtu wanayemjua.

"Na mimi sina mutu kule."

Nairobi je? Nikamwambia Nairobi hawaulizi mtu, wanauliza jina. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako, akaunti ya jina hilohilo, kitambulisho. Akatoa mfukoni karatasi yake ya kusafiria ya muda, imekunjwa hata maandishi yameanza kufifia kwenye mikunjo. Kwa karatasi hii watanisajili? Sikuwa na jibu la kumpa moyo. Tulivyokaa pale nikaona kwamba desturi nilizozisifu njiani, ule udhamini wa Kariakoo na ule utaratibu wa Roysambu, zote mbili zilimwacha nje mtu huyu, ambaye kuliko wengine wote niliokutana nao ndiye aliyeihitaji fedha hii kwa dhiki ya kweli. Kampala ilimpokea kwa sababu haikumwuliza kitu, na kwa sababu hiyohiyo, akiporwa hatua kumi nje ya akedi, hakuna pa kwenda kusema zilitoka wapi.

Aligawa noti mafungu mawili, akamwuliza mbadilishaji kesho anafungua saa ngapi, kwani ndugu yake angemtumia nyingine usiku. Saa tatu, aliambiwa, na kama zitazidi dola elfu tano apige simu kwanza ili noti nzuri zitafutwe mapema.